Harusi ya Maskati kwenye TV ya Chogo

TV ya mama mkwe wangu ina inchi 21 na kilo zaidi ya 20. Watu wakiliona chogo lile hudhani uzito wote uko nyuma. Si kweli. Uzito uko mbele, kwenye kioo, ndiyo maana anayeibeba huikumbatia kioo kikielekea kifuani, chogo likitangulia, akatembea kama anayemrudisha mlevi kwao. Nayajua haya kwa mgongo wangu mwenyewe. Niliibeba kutoka bandarini hadi kwenye bajaji, na kutoka kwenye bajaji hadi ndani, siku mama alipohamia kwetu Temeke baada ya magoti yake kushindwa na ngazi za maghorofa ya Michenzani, Unguja. Vyombo vingine aliwagawia majirani.

"Mama, kwetu TV ipo," nilimwambia kwa simu wakati anafunga mizigo.

"Nnajua mwanangu. Hiyo yenu. Mie nnakuja na yangu."

Marehemu baba mkwe aliinunua Dubai mwaka 1997. Haijawahi kufunguliwa na fundi. Rimoti yake ilipotea zamani hata hakuna anayekumbuka ilikuwa rangi gani, na mama huibadilisha stesheni kwa ncha ya fimbo yake ya kutembelea, akiwa ameketi, bila kukosea kitufe. Katika mambo ya televisheni ana haki ya kujivuna. Zanzibar walikuwa na televisheni, tena ya rangi, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, sisi wa Bara tukakaa na redio hadi mwaka 1994. Kila ninapojaribu kumweleza jambo lolote kuhusu kioo kile, hunikumbusha hesabu hiyo kwa maneno matatu: "Nyinyi mmezoea redio." Mkwe hajibizani na mama mkwe. Huwa nanyamaza.

TV yetu, ile ya flati, ilipasuka kioo jioni moja ya Simba na Yanga, na sioni haja ya kueleza ilipasukaje. Tangu hapo ya mama ndiyo TV ya nyumba. Iko sebuleni, juu ya meza yenye kitambaa cha kufuma, ikilishwa picha na king'amuzi. Ving'amuzi ndivyo vilivyoziokoa TV za aina hii. Usiku wa tarehe 31 Desemba 2012, mitambo ya analojia ya Dar es Salaam ilipozimwa, kuna waliodhani machogo yote yanakwenda jalalani. Kumbe king'amuzi kina matundu ya njano, nyekundu na nyeupe, na chogo nalo lina njano yake na nyeupe yake, wakashikana mikono maisha yakaendelea.

Mkasa wenyewe ulianzia Maskati. Mjukuu wa kwanza wa mama aliolewa huko, na mama hakuweza kusafiri. Shemeji yangu, mama wa bibi harusi, akatutumia mkanda kwa intaneti: saa mbili na dakika kumi. Mkanda ulikuja na sharti. Ulikuwa wa ukumbi wa wanawake, na huko kama ilivyo Unguja, ukumbi wa wanawake haukanyagwi na mwanamume. Simu zilibaki mlangoni, na hata mpiga picha alikuwa mwanamke. Watu wamevua mabuibui, wamesuka, wamevaa walivyovaa. Mimi niliruhusiwa kuupakua, kwa kuwa laptopu ni yangu na bando ni langu, lakini si kuufungua. Nikaupakua kama tarishi abebaye bahasha ya siri.

Jumatatu mama akatangaza kwamba Ijumaa, baada ya swala ya alasiri, wenzake wa mtaani watakuja kuitazama harusi. Hakuuliza kama inawezekana.

Nilimfungulia kompyuta mpakato (jina ambalo kwetu halitumiwi na mtu ila mimi, maana kazi yangu ni kutafsiri, wengine wote husema laptopu) nikamwonyesha kioo kilivyo angavu.

"Hiki?" akauliza.

"Ndiyo mama. Picha safi kabisa."

"Mie sitizami harusi kwenye kitabu."

Usiku huo nilipiga magoti nyuma ya TV, binti yangu wa darasa la sita akinimulikia kwa simu. Nyuma ya chogo kulikuwa na vumbi la kutosha kupanda mchicha, mayai mawili ya mjusi yaliyokauka, na matundu ya king'amuzi. Mbele, chini ya kioo, tukagundua kijimlango ambacho hakijafunguliwa miaka mingi. Binti akakibandua kwa kijiko, na ndani yake matundu mawili zaidi, la njano na jeupe. Nikafurahi. Hatukuwa na haja ya kugusa waya za king'amuzi, na mama hangekosa taarifa ya habari ya saa mbili.

Sasa tuhesabu. Laptopu yangu ina matundu mawili tu yanayofaa, yote ya USB-C, aina iliyotoka mwaka 2014. Ndani ya kila tundu, ambalo halizidi upana wa ukucha wa kidole gumba, mna pini 24. Tundu la njano la TV limerithiwa kutoka kampuni ya redio ya Kimarekani, RCA, tangu miaka ya 1930, nalo lina sehemu mbili: msumari wa katikati na pete inayouzunguka. Kati yao yuko HDMI, aliyetangazwa mwishoni mwa 2002, mwenye pini 19, ambaye laptopu inamfahamu vizuri lakini TV ya mwaka 1997 haijapata hata kusikia habari zake.

Tofauti yao haiishii kwenye idadi ya pini. Laptopu hutuma picha kwa tarakimu. TV ya chogo haijui tarakimu, inataka wimbi la umeme linalopanda na kushuka, maana ndani ya chogo mna mshale wa elektroni unaochora mistari kioo kizima, mmoja baada ya mwingine, mistari 625 kwa kila picha, picha 25 kwa sekunde. Huwezi kuziunganisha kwa waya mtupu, kama vile huwezi kumfanya Mchina na Mmakonde waelewane kwa kuwafunga kamba moja kiunoni. Lazima awepo mkalimani. Nililijua hili kabla sijatoka nyumbani, na kwa kuwa nililijua, nikajiona nimemaliza.

Jumanne nikaenda Kariakoo. Katika duka la kwanza kijana alinitolea waya wenye kichwa cha HDMI upande mmoja na vichwa vitatu vya rangi upande wa pili, bila chochote katikati. Shilingi 8,000. Nikamtazama kwa huruma. Nikamweleza, mbele ya wateja wake, kwamba waya ule hauna mkalimani ndani yake, kwamba tarakimu haziwi wimbi kwa kupita kwenye plastiki, na kwamba kuuza kitu kile ni kula pesa za watu. Wateja wawili wakaondoka. Kijana hakunijibu. Nikahamia duka la pili, nikanunua kebo ya USB-C kwenda HDMI, kisha nikanunua kisanduku. Kisanduku hicho ni cheupe, kinaenea kiganjani, kimeandikwa juu kwa herufi nyeusi. Muuzaji alikuwa na foleni, mimi nilikuwa na haraka ya mwenye elimu. Nililipa shilingi 25,000 nikatia mfukoni.

Jioni kila kitu kiliingia mahali pake, na hilo ndilo lililonidanganya. Kebo ya laptopu iliingia kwenye tundu la HDMI la kisanduku bila kusukumwa. Waya wa njano uliingia kwenye njano, mweupe kwenye mweupe, mwekundu ukabaki unaning'inia kwa kuwa TV ya mama ina sikio moja tu. Kisanduku kinakula umeme wa USB, nikakipa chaja ya simu, taa nyekundu ikawaka. Mama akabonyeza kwa fimbo, akashuka chini ya stesheni ya 1, maandishi ya AV yakatokea pembeni. Kioo kikawa buluu.

Buluu tupu. Nikahamisha kebo kwenye tundu la pili la laptopu, kwa kuwa si kila tundu la USB-C linapitisha picha, mengine yana kazi ya chaji na mafaili tu. Buluu. Nikazima vyote nikawasha tena kwa mpangilio mwingine. Nikavuta kiti, nikasoma maelekezo ndani ya boksi, ambayo yalikuwa karatasi moja ya Kichina na Kiingereza iliyokunjwa mara nane. Niliyasoma yote isipokuwa sentensi ya kwanza, kwa kuwa ilikuwa ya kukisifu kisanduku. Saa sita ya usiku mama alitoka chumbani kwake kunywa maji, akasimama akakitazama kioo.

"Bahari nzuri," akasema, akarudi kulala.

Jumatano nikamwita fundi wa mtaani. Alikuja na bisibisi na mita, akagonga TV ubavuni kwa kidole kama daktari, akasikiliza. Akasema AV ya mbele imekufa. Lazima ifunguliwe, ibadilishwe kitu ndani, shilingi 40,000, na apewe nusu sasa. Mama alikuwa anachambua mchele kwenye mkeka.

"Haifunguliwi," akasema bila kuinua macho.

"Bibi, bila kufungua hatuwezi kujua."

"Toa waya za king'amuzi huko nyuma, zitie hapo mbele."

Fundi akanitazama. Mimi nikatazama mchele. Akazitoa, akazitia mbele, na mtangazaji wa taarifa ya habari akatokea, ana rangi zake zote na sauti yake yote.

"Kama tundu limekufa," mama akamuuliza, "huyu kapitia wapi?"

Fundi alikunywa chai akaondoka na 3,000 ya usumbufu. Kwa upande mmoja nilishukuru. TV za chogo zina hatari yake: kile kioo hupewa umeme wa maelfu ya volti, na sehemu yake huweza kubaki ndani hata baada ya kuchomoa kwenye soketi. Mtu asiyejua hafungui. Na mtu anayejua hasemi AV imekufa kwa kugonga ubavu.

Mke wangu ndiye aliyeumaliza uchunguzi. Yeye ni karani wa mikopo, mtu ambaye hupokea pesa zake kwa kusoma karatasi ambazo wenzake wametia sahihi bila kusoma. Alirudi kazini saa kumi na mbili, akavua viatu, akakiinua kisanduku karibu na taa kama anayekagua noti.

"Huku penye njano wameandika INPUT."

"Ndiyo."

"INPUT si kuingiza?"

"Ndiyo."

"Sasa wewe unataka picha iingie kwa njano au itoke kwa njano?"

Nikakichukua. Juu yake, kwa herufi nyeusi ambazo nilikuwa nimezitazama siku mbili, paliandikwa AV2HDMI. Maana yake, kutoka AV kwenda HDMI. Kinachukua wimbi la zamani, tuseme la deki ya VHS, na kulipeleka kwenye TV mpya. Mimi nilihitaji ndugu yake, HDMI2AV. Alama ni zilezile saba, umbo ni lilelile, rangi ni ileile, matundu ni yaleyale; tofauti ni nani ametangulia. Mkalimani nilikuwa naye kweli, ila wa upande mmoja: anasikiliza Kimakonde na kusema Kichina, nami siku mbili nzima nilikuwa namsemesha Kichina sikioni nikishangaa mbona Mmakonde hacheki.

Ningesamehewa kama ningekuwa fundi bomba. Lakini ofisini kwangu kazi haianzi kabla ya kujaza fomu yenye mistari miwili: kutoka lugha gani, kwenda lugha gani. Fomu hiyo niliitunga mimi.

"Usimwambie mama," nikamwambia mke wangu.

"Ameshasikia," akasema. Na kweli, kutoka chumbani ilikuja sauti ya utulivu: "Nyinyi mmezoea redio."

Alhamisi asubuhi nikarudi Kariakoo. Duka la pili lilikuwa na kibao ukutani, bidhaa ikishauzwa hairudishwi, na muuzaji alikionyesha kwa kidole kabla sijafungua mdomo. HDMI2AV hawakuwa nacho, kimeisha. Walionielekeza mahali kilipo walinipeleka, hatua kwa hatua, hadi kwa kijana wa shilingi 8,000.

Alinikumbuka. Alifuta kaunta taratibu, akaniuliza ninataka nini leo, akaniacha niseme lote. Kisha akakitoa kisanduku, akakigeuza, na kuniwekea ncha ya kalamu kwenye kila neno kama mwalimu wa chekechea: hapa INPUT, HDMI, hapa OUTPUT, njano. Bei 30,000, haipungui. Kwenye ubavu akanionyesha swichi ndogo kama punje ya mchele, yenye PAL upande mmoja na NTSC upande wa pili. "Hii iache hapahapa kwenye PAL, mzee," akasema. "Ukiona picha haina rangi, jua imesogea." Nikamwambia najua. Sikuwa najua. PAL ni mtindo wa rangi wa Kijerumani uliofuatwa kwetu na sehemu kubwa ya Ulaya, NTSC ni wa Wamarekani, hayo niliwahi kuyasoma. Lakini kwamba viwili hivyo vimewekwa kwenye swichi inayoweza kusogezwa na ufagio, hilo lilikuwa jipya kwangu.

Usiku wa Alhamisi tukajaribu. Mkanda wa harusi sikuruhusiwa, nikafungua mpira niliokuwa nimeuhifadhi, wa AFCON kule Ivory Coast, Januari 2024, Taifa Stars na Zambia. Kioo cha mama kikapepesa mara moja, buluu ikaondoka, na majani ya San-Pédro yakatokea sebuleni Temeke. Nilipiga kelele. Sauti ilikuwa bado inatoka kwenye laptopu, nyembamba kama ya mbu, nikabofya alama ya spika na kuchagua njia ya HDMI, ndipo mtangazaji akahamia ndani ya chogo, akapata kifua. Dakika ya 11 Msuva akafunga na nyumba nzima ikashangilia bao la zamani. Tulizima pale pale, dakika ya 12, maana sote tulikumbuka walichotufanyia Wazambia dakika ya 88.

Niliona mambo mawili nikayapuuza. La kwanza, kibao cha magoli cha kona ya juu kilikuwa kimeliwa nusu. TV za chogo ziliundwa kuficha kingo za picha nyuma ya fremu, zamani kingo hazikuwa na kitu cha maana. La pili, wachezaji walikuwa warefu mno. Nikadhani ni Wazambia.

Nikapanga mambo ya Ijumaa kwa uangalifu. Kwa kawaida laptopu huonyesha picha kwake na kwenye TV kwa pamoja, na hilo halikufaa, kwa kuwa ningepita tu sebuleni ningeona nisichotakiwa kuona. Nikabonyeza Windows na P, nikachagua kioo cha pili peke yake. Laptopu ikawa giza, TV ikabaki na kila kitu. Nikamfundisha binti kubonyeza kitufe cha nafasi kuanza na kusimamisha. Kazi yangu ilikuwa imekwisha.

Ijumaa saa kumi na nusu walikuja wanawake kumi na mmoja. Nilikuwa nimehamishiwa koridoni, kwenye stuli, pazia zito likinitenga na sebule. Nilisikia kanga zikitandazwa, visahani vya visheti vikigongana, harufu ya udi ikapenya chini ya pazia. Mama akasema bismillahi. Binti akabonyeza.

Kimya. Kisha sauti ya mwanamke nisiyemjua:

"Khe! Mbona bibi harusi wa kijivu?"

"Na anapanda," akasema mwingine.

"Anapanda wapi?"

"Anapanda tu. Kenda juu huko. Haya, katokea chini."

Nikainuka, nikakumbuka, nikakaa. Mke wangu alikuwa amefagia sebule asubuhi na kupangusa meza. Nikamwita binti. Akaja akasimama, nusu yake sebuleni, nusu koridoni, pazia begani.

"Waya wa njano umekaza?"

Akaingia. Kelele ya wanawake kumi na mmoja.

"Sasa ni buluu, baba."

"Rudisha ulivyokuta!"

"Nimerudisha. Bibi harusi anapanda tena. Bibi anasema kizunguzungu."

"Mwambie bibi nakuja."

"Bibi anasema usije."

Sijapata kutengeneza kitu nisichokiona. Nikafumba macho, ingawa hakukuwa na haja. "Ina rangi?" "Haina." "Hata kidogo?" Akageuza kichwa, akawauliza, jibu likaja kwa pamoja, haina. Haina rangi, na inapanda. Hapo ndipo niliposikia sauti ya kijana wa Kariakoo, na ncha ya kalamu yake.

"Tazama ubavuni mwa kisanduku. Kuna swichi ndogo kama punje ya mchele. Isukume upande ulioandikwa PAL. P, A, L."

"Kwa nini?"

"Kwa ukucha."

"Nimeuliza kwa nini, baba."

"Sukuma!"

Nilijua imekubali kwa vigelegele. Vilipasuka sebuleni kwa mkupuo, virefu, mpaka kuku wa jirani wakaitika, na katikati yake nikamsikia mama akiitaja kwa kelele rangi ya gauni la mjukuu wake: kijani, kijani ya embe! Binti alirudi kwenye pazia akatoa kichwa. "Wanasema ahsante, baba. Na wanasema uende ukakae barazani, unasikia mengi."

Nikaenda barazani. Ndiko niliponywea chai, nikapiga hesabu ya siku nne: shilingi 25,000, 30,000, kebo 20,000, fundi 3,000, nauli sihesabu. Dukani kwa mtumba ningepata TV ya flati iliyochoka kwa pesa kidogo juu ya hapo. Nilijua hilo tangu Jumanne. Lakini mama asingeitazama.

Magharibi wageni walipoondoka, nikaingia. Nilimkuta mama amekaa mbele ya kioo kilichozimwa, fimbo mapajani, amekunja uso. Nikamsalimia, nikamuuliza kama harusi imeonekana.

"Imeonekana. Picha nzuri, Mungu akupe kheri. Ila mtoto amekonda."

"Amekonda?"

"Amekuwa uzi. Na mamake naye kakonda. Wote wamekonda, hata wale wa upande wa bwana, na hao Waarabu wana vyakula! Wenzangu wameniuliza, huyu mjukuu wako anaumwa?"

Nikamtazama mke wangu, akatazama kwingine. Ndipo nilipowakumbuka Wazambia. Siku hizi picha hupigwa pana, 16 kwa 9. Kioo cha mama ni cha 4 kwa 3. Kisanduku changu cha 30,000 hakina adabu ya kuacha ukanda mweusi juu na chini. Huichukua picha pana na kuibana mpaka ienee. Kila anayepita humo hupunguzwa robo nzima ya upana wake. Bibi harusi aliyelishwa na kusingwa na kufichwa jua miezi miwili, akatoka amejaa kama inavyotakiwa, alifika Temeke akiwa na robo tatu ya mwili.

Nilijaribu. Nilichukua kanga, nikaitandaza, nikaikunja pembeni kumwonyesha maua yanavyokuwa membamba. Mama alinisikiliza hadi mwisho, kwa heshima kabisa.

"Mwanangu," akasema, "mtu akikonda amekonda."

Alipiga simu Maskati usiku huohuo. Sikusikia yote, nilisikia "hamumpi kitu" na nilisikia "nimemwona kwa macho yangu". Jumapili yake kifurushi kiliondoka na msafiri wa kuaminika: samli, papa mkavu, bizari ya pilau na makopo mawili ya halua, ingawa halua huko ndiko kwao. Shemeji alinitumia ujumbe mmoja tu, kuuliza nimeufanya nini mkanda wake.

Mkanda umeshatazamwa mara tatu tangu siku ile. Kisanduku kimebandikwa kwenye meza kwa plasta ya hospitali, swichi imefunikwa kwa tone la rangi ya kucha ya mke wangu, haisogei. Na kile cha kwanza, AV2HDMI, kipo kabatini kwenye boksi lake pamoja na karatasi ya maelekezo, kizima, hakijafanya kazi hata dakika moja. Mwenye deki ya zamani na TV mpya aje achukue bure, Temeke, ila asome kwanza kilichoandikwa juu.